SOMO: NYUMBA YA KUMTUNZIA MZEE ANAYESAHAU

Mzee akisahau majina ya watoto wake na njia ya kwake, msiseme amelogwa. Ni ugonjwa wa ubongo. Aina moja ilielezwa mwaka 1906 na Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani. Dawa ya kuuponya haipo, lakini matunzo mema humtuliza mgonjwa.

Ikiwa nguvu zenu zimekwisha, nanyi mnataka kumpeleka kwa jamaa mwingine au katika nyumba ya wazee, nendeni kwanza mkaitazame. Fikeni saa ya chakula, bila kutoa habari. Ulizeni:

1. Je, asiyeweza kula analishwa polepole?
2. Usiku nani anakesha? Mgonjwa huyu hutangatanga, na hapa Uvira ziwa na mto Mulongwe ni karibu.
3. Je, maji ya kunywa yamechemshwa au kutiwa dawa? Kipindupindu hakijaisha kwetu.
4. Nani ajua Kivira au Kifuliru? Wengine husahau Kiswahili, hubaki na lugha ya utoto.
5. Je, yuko aliyefungwa kamba? Mkiiona, msimwache mzee wenu hapo.

Hata akipata mahali pema, rudini mara kwa mara, mtazame ngozi yake na nguo zake. Hataweza kuwaambia aliyotendewa. Macho yenu ndiyo kinywa chake.