Uvimbe Unaobana Mshipa wa Fahamu Mkononi: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Runzewe

Mwongozo huu unamhusu mchimbaji wa dhahabu, mwendesha karasha (mashine ya kusaga mawe), fundi na mkulima ambaye mkono wake mmoja umeanza kufa ganzi au kulegea. Zebaki inayotumika kusafishia dhahabu ikimdhuru mtu, kwa kawaida hutetemesha na kutia ganzi mikono yote miwili. Dalili zikikaa mkono mmoja, tena katika vidole fulani tu, huenda mshipa wa fahamu umebanwa mahali. Mara nyingi hubanwa na njia nyembamba ya kiwiko au kiganja. Safari nyingine hubanwa na uvimbe usio saratani: wa mafuta, wa majimaji ya kiungo, au ulioota kwenye ganda la mshipa wenyewe.

Ganzi ya kidole kidogo na cha pete huelekeza kwenye kiwiko au kiganja upande wa kidole kidogo. Ya gumba, cha shahada na cha kati huelekeza katikati ya kifundo cha mkono. Kinachopoteza wengi ni uvimbe wa mafuta uliojificha karibu na kiwiko. Huo huweza kuzuia vidole visinyooke pasipo ganzi wala maumivu, na mtu akaambiwa amerogwa. Kutoumia kusikupe moyo. Misuli iliyokosa mawasiliano kwa mwaka na zaidi huenda isirudi.

Usikande uvimbe, usichanje, usitoboe. Ukiugusa ukapata shoti hadi vidoleni, mweleze daktari kabla ya kisu, kwa sababu asiyejua huweza kuukata na mshipa. Ukikua haraka, ukiwa mgumu au ukizidi sentimita 5, usingoje hata wiki.

Anzia kituo cha afya. Omba ngozi ikaguliwe mabaka, maana ukoma nao hunenepesha mshipa wa kiwiko, na dawa zake ni bure. Kisha omba rufaa ya kipimo cha ultrasaundi. Upasuaji wa mishipa ya fahamu ni wa madaktari bingwa, kama wa hospitali ya Bugando, Mwanza.

Mwenye mkataba wa ajira ana haki, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu. Apeleke cheti cha daktari. Wachimbaji wa kugawana mifuko ya mawe hawana kinga hiyo. Wakubaliane mapema na mwenye duara (shimo la kuchimbia).

Baada ya upasuaji mshipa huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo nguvu hurudi kwa miezi. Wakati huo nyoosha vidole kila siku kwa kutumia mkono usioumwa, viungo visikakamae, na usishike sufuria ya moto kwa mkono wenye ganzi.