Ndege Ikiwa Ardhini

Watu wengi hudhani kazi ya rubani huanza ndege inapopaa na kwisha inapotua. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku moja, nikiwa darasa la sita, tulipotoka Bunda kwenda kumpokea mjomba katika kiwanja cha ndege cha Musoma. Upepo wa ziwani ulichukua kofia ya mdogo wangu, naye akataka kuikimbilia kuelekea kwenye ndege iliyokuwa ikinguruma. Baba alimshika mkono. "Kofia hununuliwa," alisema.

Tufanye hesabu. Pangaboi la ndege ndogo aina ya Cessna Caravan lina kipenyo cha mita 2.7 hivi, na wakati wa kupaa huweza kuzunguka mara 1,900 kwa dakika. Basi:

3.14 × 2.7 × 1,900 ÷ 60 = mita 268 kwa sekunde.

Hiyo ni kasi ya ncha yake. Ardhini huzunguka polepole zaidi, lakini bado halionekani vizuri kwa macho, na laweza kuua.

Je, rubani huiendeshaje ndege hiyo ardhini? Magurudumu hayazungushwi na injini kama ya gari. Pangaboi ndilo huvuta. Injini ya tabaini, hata ikipunguzwa, huendelea kuivuta ndege mbele. Rubani akikanyaga breki muda wote, zitapata moto na huenda zikamwangusha wakati wa haja. Kwa hiyo huurudisha nyuma mkono wa nguvu. Mapanga hubadili mlalo, yakawa bapa, na mvuto hupungua. Akiurudisha zaidi, mapanga husukuma hewa mbele, na ndege huzuilika.

Yako mambo matatu ya kushika. Kwanza, rubani huhakikisha njia ni nyeupe, na mara ndege inapoanza kusogea hujaribu breki. Pili, karibu na watu na ndege nyingine huenda mwendo wa mtu atembeaye. Tatu, penye changarawe, kama kiwanja cha Musoma kilivyokuwa kwa miaka mingi, haongezi nguvu ovyo wala hasukumi hewa mbele akiwa amesimama, kwani mawe huruka na kuyaharibu mapanga.

Nasi tulio chini tuna wajibu wetu: tusiikaribie ndege mpaka pangaboi lisimame kabisa na tuitwe. Mdogo wangu alirudi Bunda kichwa wazi, lakini alirudi.