Maana za Maneno "Man" na "Boy"

Tupime leo maneno mawili ya Kiingereza ambayo mwanafunzi huyapata katika somo la kwanza, akadhani ameyamaliza: "man" ni mwanamume, na "boy" ni mvulana. Walakini sivyo yalivyo.

Kwanza, "man". Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya mtu, awe mume au mke. Mwanamume aliitwa "wer". Hatimaye "wer" likaachwa, na "man" likashika mahali pake, bila kupoteza maana yake ya kwanza. Basi tulionapo kitabuni, yatupasa kuuliza: Je, lasema mtu, au mwanamume? Mfasiri akiandika mwanamume mahali pa mtu, amewatoa wanawake wote nje.

Pili, "boy". Katika maandiko ya karne ya 14 neno hili huonekana likimtaja mtumishi, au mtu wa cheo cha chini. Maana ya mtoto wa kiume ilizidi nguvu baadaye, lakini ile ya utumishi haikufa. Siku za ukoloni mpishi mwenye mvi na wajukuu aliitwa "boy" na bwana kijana, na Kiswahili kikalipokea neno: boi, maboi. Vivyo hivyo katika Marekani ya kusini mtu mweusi, hata mzee, aliitwa "boy", naye alijua kwamba anadharauliwa.

Mwaka 1968, katika mji wa Memphis, wazoa taka wapatao 1,300, karibu wote weusi, waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka. Wakapita njiani na mabango, kila mmoja akitangaza kuwa yeye ni "man". Je, walisema, Mimi si mtoto? Au walisema, Mimi ni mtu? Yote mawili. Neno moja liliwatosha, lakini mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua.

Basi, walimu, kamusi hutupa maana za neno, lakini haituambii nani anena, wala amwambia nani. Hayo tuyatafute wenyewe. Tena tusiwahukumu wageni tu. Hata leo mzee atunzaye bustani huitwa shamba boi nasi wenyewe, hata mbele ya watoto wetu. Kumbe ana umri wa baba zetu, na jina lake twalijua.