Mume Aliyefunga Karakana Ili Asali

Msomaji mmoja wa Songea anaeleza kwamba mume wake, seremala wa miaka mingi, ameifunga karakana tangu ajiunge na kikundi cha maombi, kwa hoja kwamba jasho ni laana aliyoachiwa Adamu na kwamba Mungu anayeyavika maua ya kondeni hatamtupa mtumishi wake. Wateja waliotanguliza arubuni huja nyumbani kudai fremu za milango, na anayewajibu ni mke, akiwa kwenye karai la maandazi. Anauliza kama kumhimiza mumewe arudi kazini ni kushindana na Mungu.

Sivyo. Katika Kitabu cha Mwanzo mtu anakabidhiwa bustani ailime na kuitunza katika sura ya 2, kabla ya anguko, yaani kabla ya dhambi ya kwanza. Kinacholaaniwa katika sura ya 3 ni ardhi, na kinachoongezeka ni uchungu na jasho la kazi, wala si kazi yenyewe.

Hoja ya maua nayo ni ya zamani. Yapata mwaka 400, huko Karthago, Afrika Kaskazini, baadhi ya wamonaki, yaani watawa wanaoishi pamoja kwa sala, waliyashika maneno hayohayo ya Yesu, yanayowataja pia ndege wasiopanda wala kuvuna, ili wasifanye kazi za mikono na waishi kwa sadaka za waumini, hata Aurelio, askofu wa huko, akamwomba askofu mwenzake Agostino wa Hippo awajibu. Agostino aliandika kitabu kizima, chenye kejeli kidogo ndani yake: anayetaka kuwaiga ndege kwa kutolima, na aache pia kuweka akiba, kusaga na kupika, kwa kuwa ndege hawafanyi hata hayo. Aliongeza kwamba zaburi huimbika mikono ikiwa kazini, na kwamba Mtume Paulo, ingawa alistahili kutunzwa na makanisa, alitengeneza mahema Korintho pamoja na mafundi wenzake Akila na Prisila. Wagonjwa na wanyonge aliwaondolea mzigo huo, jambo ambalo wahubiri wakali wa kazi hulisahau upesi.

Ushahidi wa ajabu zaidi unatoka jangwani. Yohana Kasiano, mmonaki aliyeandika juu ya watawa wa jangwani, anasimulia habari za mzee mmoja, Abba Paulo, aliyeishi mbali na soko kiasi kwamba gharama ya kusafirisha bidhaa ingezidi bei yake. Hata hivyo alikusanya majani ya mitende na kujipangia kazi ya kila siku kama mtu anayeitegemea kwa chakula, na pango lake lilipojaa aliichoma kazi ya mwaka mzima, akaanza upya. Kwake kazi ilikuwa ya kuyatuliza mawazo na kuusafisha moyo, fedha ziwepo au zisiwepo. Mume wa msomaji hana nafasi ya kuchoma chochote, kwa kuwa mbao zake zimenunuliwa kwa fedha za watu.

Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa maisha ya kitawa wa karne ya 6, inagawa saa za siku kati ya kazi za mikono na usomaji wa kiroho (sura ya 48), na inataka vifaa vya monasteri vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya altare (sura ya 31). Wabenedikto wa Peramiho, jirani kabisa na Songea, wamekuwepo tangu mwaka 1898, na hapo sala na useremala havijawahi kufukuzana.

Msomaji asimrushie mumewe onyo la Mtume Paulo kwa Wathesalonike kwamba asiyetaka kazi asile, kwa kuwa onyo hilo lawahusu wasiotaka, na huenda huyu anajificha nyuma ya maombi kwa sababu ya madeni au uchovu ambao hajautamka. Amuulize hilo kwanza, wakiwa wawili tu. Kisha amwombe amalize milango iliyokwisha kutangulizwa fedha, kwa kuwa arubuni ni deni la haki, na wapange pamoja saa za kikundi zisizogongana na saa za karakana. Akikataa hata milango hiyo, mbao zilizopo ziuzwe na kila mteja arudishiwe fedha yake mbele ya mzee wa kanisa.