Starehe, Furaha na Sonona: Je, Mali Humhuzunisha Mwenyewe?

Katika mijadala yetu ya fasihi husikika aghalabu dai kwamba mali na starehe humletea binadamu huzuni, ilhali maskini, japo hana kitu, hulala usingizi mnono. Wenye kutoa dai hilo hukimbilia Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu magofu ya Pate, wakautumia kama ushahidi. Makala haya yanashikilia kwamba dai lenyewe ni nusu ya ukweli, na kwamba ile nusu nyingine ina madhara.

Tuanze na maneno. Starehe na raha yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupumzika. Ndiyo maana mtu aliyeketi, akitaka kuinuka kumpisha mwingine, huambiwa, "Starehe!", yaani kaa ulipo, usijisumbue. Ni neno la mwili uliotua. Furaha ina mzizi mwingine kabisa, nayo ni hali ya moyo. Sonona, neno lililotwaliwa na wataalamu kuyataja maradhi, lina undugu na kusononeka, yaani kuumia kwa ndani. Huzuni ya kawaida hupita. Sonona hudumu kwa majuma mawili au zaidi, ikamnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na hata hamu ya yale aliyoyapenda. Anayeuliza kama starehe huleta sonona anauliza basi kama mwili uliotua huugonjesha moyo.

Utafiti wa Brickman na wenzake wa mwaka 1978 hutajwa sana katika suala hili. Waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani, wakawalinganisha na watu wasioshinda chochote. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi kwa kiwango cha kutajika; isitoshe, mambo madogo ya kila siku yaliwapa ladha haba kuliko wenzao. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Hata hivyo, kupungukiwa na ladha si kuugua.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Rarieda, Siaya. Kati ya mwaka 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilizipa familia maskini za huko fedha kupitia M-Pesa bila sharti lolote la matumizi. Alama ya umaskini iliyotumiwa kuzichagua ilikuwa paa la nyasi. Haushofer na Shapiro, waliochapisha matokeo mwaka 2016, walikuta kwamba nyumba nyingi ziliezekwa mabati, na kwamba furaha na kuridhika na maisha viliongezeka huku dalili za sonona zikipungua. Mtu aliyelala chini ya paa lisilovuja hakuhuzunishwa na mabati yake. Lakini yapo matokeo ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito. Kadiri wastani wa mali ya kijiji ulivyopanda kutokana na fedha hizo, ndivyo kuridhika kulivyopungua, hasa miongoni mwa wale ambao hawakupata kitu. Nyasi za paa lao zilikuwa zile zile. Kipimo ndicho kilichobadilika. Athari hiyo nayo ilififia kadiri muda ulivyopita.

Kinachoumiza hapa, basi, ni jicho linalolinganisha. Tena mali ina mpaka wake kama tiba. Mwaka 2023 Killingsworth, Kahneman na Mellers walionyesha kwamba kwa Wamarekani wengi furaha huzidi kupanda pamoja na kipato. Ila kwa wachache walio na huzuni kuliko wenzao, kipato kikishapita takriban dola 100,000 kwa mwaka, nyongeza haiwapunguzii tena majonzi.

Na Al-Inkishafi? Mshairi anawaeleza matajiri wa Pate wakijivuna na kulala katika vitanda vya fahari. Vidaka vilivyowekewa vyombo vya Kichina vimekuwa viota vya ndege, na popo wananing'inia. Anachokililia ni kupita kwa hayo yote, na moyo unaohadaika na dunia. Kuyasoma hayo kama maelezo ya maradhi ya matajiri ni kuutwisha utenzi mzigo usio wake.

Kosa hili la usomaji halikomei darasani. Mkulima huambiwa kwamba umaskini wake ni amani, ilhali ushahidi wa Rarieda unasema vingine. Naye mwanafunzi wa nyumba yenye uwezo, aliyeacha kula na kuhudhuria mihadhara, huulizwa na marafiki, "Wewe una kila kitu, unakosa nini?" Swali hilo hana jibu lake, kwa kuwa hakuugua kwa kukosa kitu. Hunyamaza, akafunga mlango wa chumba chake, na wiki nyingine ikapita kabla ya mtu yeyote kumpeleka kwa mshauri nasaha au daktari.