Nuru Ifuatayo Kiambaza: Maswali na Majibu juu ya Taa za Ukumbi wa Kugawanyika

Wanakamati wa ukumbi unaokusudiwa kujengwa Kombewa, katika Seme, wameniletea maswali, nami nimeona vyema kuwajibu hadharani, kwa kuwa wengi wa mwambao huu wa ziwa wamo katika shauri lilo hilo.

Swali: Bwana Fundi, ukumbi wetu utakuwa na viambaza viwili vya kukunjwa, uwe vyumba vitatu au kimoja. Je, swichi za kawaida hazitoshi?

Zatosha kwa ukumbi usiobadilika. Lakini hapa petu, ambapo siku moja jamaa za marehemu hukutana kuchanga, ilhali watafiti wa afya wana semina yao na kamati ya arusi yangoja zamu, chumba kilicho kimoja asubuhi aghalabu huwa vitatu alasiri. Niliwahi kuitwa katika ukumbi ambao swichi zake zote zilikuwa upande mmoja. Kiambaza kilipofungwa, waliotaka kuonyesha picha wakazima taa, na wale wa upande wa pili, daftari la michango likiwa wazi mbele yao, wakajikuta gizani wasiwe hata na swichi ya kugusa. Tangu siku hiyo nashikilia kwamba kiambaza chenyewe ndicho kipasacho kuamrisha taa.

Swali: Kitaamrishaje?

Kwa sumaku ndogo iliyotiwa katika ubao wa mwisho wa kiambaza, na kihisi katika nguzo inayoupokea. Kikifungwa, kidhibiti hupata habari na kila kibonye hutawala chumba chake pekee. Kikifunguliwa, vibonye vyote hutii shauri moja.

Swali: Taa nazo zitajuaje ni za chumba gani?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Napendelea utaratibu wa DALI, wenye kanuni za kimataifa za IEC 62386, ambao kwa nyaya mbili tu, zisizojali chanya wala hasi, hukubali hadi taa 64 katika mkondo mmoja, kila taa na anwani yake, na huzigawa katika makundi 16 na mipangilio 16 ya mwanga. Hivyo uanachama wa taa katika chumba haumo katika waya bali katika kumbukumbu, nanyi mwaweza kuubadili mwaka ujao pasipo kubomoa dari. Ila tahadharini: ujumbe wake husafiri polepole, biti 1,200 kwa sekunde, na mkiziamrisha taa 64 moja moja, mwanga utapita darini kama wimbi kwa zaidi ya sekunde nzima, lakini mkiamrisha kundi, zote hubadilika pamoja.

Mkondo mmoja usizidi mita 300. Mimi, ijapokuwa taa zenu ni chache, ningekipa kila chumba mkondo wake, maana nyaya zikigusana mahali pamoja, mkondo mzima hukosa amri.

Swali: Zikikosa amri, tutabaki gizani?

La. Maadamu umeme upo, na fundi hakubadili maagizo ya asili, taa za DALI zikipoteza mawasiliano huwaka kwa nguvu zote. Umeme wenyewe ukikatika ni jambo jingine: wekeni taa za dharura zenye betri zao katika kila chumba, hasa cha kati, ambacho viambaza vyote viwili vikifungwa hakina budi kuwa na mlango wake wa kutokea nje. Mlango huo nauhimiza kuliko kidhibiti chochote.

Swali: Na radi?

Bonde hili la ziwa lina ngurumo nyingi mno. Wekeni kinga ya mawimbi ya umeme katika ubao mkuu, na nguzo ya udongoni iliyopimwa kwa chombo, si kwa kukisia.

Swali: Nani atauendesha, ilhali mlinzi wetu hana ujuzi wa kompyuta?

Mlinzi huyo ndiye hasa ninayemfikiria. Mlangoni mwa kila chumba pawe na vibonye vinne: mkutano, picha, ibada, zima, maandishi yawe kwa Kiswahili na Kidholuo. Na fundi asilipwe salio lake mpaka awakabidhi, kwa karatasi, ramani ya anwani za taa zote pamoja na nywila, vitiwe katika kabati la ukumbi, ili siku atakapokuwa mbali fundi mwingine aanze pale alipoishia.