Kobayi Akigonjwa, Mtoto Naye Yuko Hatarini

Huku Uvira, Kiliba na Makobola wengi wetu tunafuga kobayi, wale simbilisi, ndani ya jikoni. Nyama yao inajenga mwili wa mtoto. Lakini kuna vijidudu, jina lao salmonela, vinavyoweza kuwamaliza wote.

Dalili: kobayi anajikunyata, manyoya yanasimama, anakataa majani, anakonda. Mwenye mimba anaitoa. Wengine wanakufa ghafula, hata bila kuhara.

Ufanye hivi:

1. Mtenge mgonjwa mara moja. Hata akipona, anaweza kuambukiza wenzake. Aliyekufa, mzike; msimle.

2. Ondoa mavi na majani ya zamani kila siku. Zuia panya.

3. Usimpe kobayi amoksisilini wala penisilini ya mtoto. Zinaharibu vijidudu vyema vya tumbo lake, naye anakufa. Muulize munganga wa mifugo.

4. Kobayi wasilale jikoni. Nawa mikono kwa sabuni, wewe na watoto, kwa maana ugonjwa huu unapita kwa watu.

Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya SRO, umlete kituo cha afya. Ukiona homa kali au damu katika choo, usingoje kesho.